Hotuba ya Kumsifu Mla Mafuta

Mgeni rasmi wa leo msihangaike kumtafuta jukwaani, kwani hata angepanda msingemwona: jamaa zake mia wakijipanga mstari, kichwa kwa mkia, hawajazi hata milimita moja. Hana cheo, hana sura, na ukoo wake una sifa mbaya mjini. Ndio ule unaochachusha maziwa, unaomwozesha samaki kabla hajafika sokoni, na ambao kila tangazo la sabuni huapa kuufyeka wote. Nimesimama kumsifu bakteria anayekula mafuta ghafi katika bahari za barafu, na naomba nisikatizwe.

Watu husema ni mlafi. Ni kweli, ni mlafi, na mchaguzi juu yake. Alcanivorax borkumensis, aliyepewa jina la kisiwa cha Borkum huko Ujerumani na kutambulishwa kwa wanasayansi mwaka 1998, anakula mafuta na vitu vichache vinavyofanana nayo. Mletee sukari, hana habari nayo. Ndugu yake wa kusini, Oleispira antarctica, alipatikana Bahari ya Ross, Antaktika, akapewa jina mwaka 2003. Huyu hustawi kwenye baridi ya ndani ya friji, na raha yake ni hiyo hiyo.

Anavyokula ni kama mtoto na muwa. Molekuli ya mafuta ni fimbo ndefu ya kaboni, naye hajisumbui kuivunja katikati. Huishika ncha, akaichomekea oksijeni. Ncha ikageuka alkoholi (hapana, halewi), kisha asidi ya mafuta, halafu huimega kaboni mbili mbili, pingili baada ya pingili, mpaka kinachobaki ni maji na hewa ya kaboni. Na kwa kuwa mafuta na maji hayapatani, jambo analolijua kila aliyewahi kuosha karai la maandazi kwa maji baridi, yeye hutoa mwilini mwake kitu cha kuyapatanisha, tone likachanguka vitone vidogo. Kwa maneno mengine, hutengeneza sabuni. Wale wa matangazo sijui watasemaje.

Baridi ndiyo mtihani wenyewe. Mnaokaa nyanda za juu mnayajua mafuta ya nazi ya asubuhi ya Julai: unageuza chupa juu chini, hakitoki kitu. Mafuta ghafi nayo kwenye maji yanayokaribia kuganda huwa mazito, hayasambai vizuri, na zile sehemu nyepesi zenye sumu, ambazo kwenye joto zingepeperuka hewani, hubaki pale pale kumuunguza mlaji. Kibaya zaidi, ngozi ya bakteria mwenyewe ni utando wa mafuta, ungeweza kukakamaa kama hiyo chupa. Yeye huubadilisha, akautengeneza kwa mafuta ya aina isiyoganda upesi, akaendelea na mlo. Hata bahari ikishakuwa barafu haijafunga milango yote: chumvi hujikusanya katika vijifereji vyembamba ndani ya barafu, maji yake hayagandi, na humo mna wapangaji.

Tena msidhani njaa hii tumemfundisha sisi na meli zetu. Kwenye pwani ya kisiwa cha Baffin, kaskazini mwa Kanada, mafuta huvuja yenyewe kutoka chini ya sakafu ya bahari. Ukoo huu ulikuwa mezani kabla binadamu hajajua kuchonga mtumbwi. Binadamu, kwa upande wake, alianza kwa kudai hati: mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, majaji watano kwa wanne, kwamba bakteria aliyeundwa na mwanasayansi Ananda Chakrabarty ili ale mafuta anaweza kupewa hataza. Hati ilipatikana. Kazi ya baharini wakaendelea kuifanya wale wasio na hati.

Sasa niwapeleke Alaska. Machi 24, 1989, meli ya Exxon Valdez ilipanda mwamba wa Bligh na kumwaga kiasi cha lita milioni 40 za mafuta ghafi katika ghuba ya Prince William. Maelfu ya watu wakaajiriwa, na baadhi wakakabidhiwa mipira ya maji ya moto. Waliosha mawe kwa bidii kiasi kwamba kome na konokono waliosalimika na mafuta walipikwa na usafi. Mgeni wetu rasmi alikuwepo tayari, bila barua ya mwaliko, bila posho ya safari, bila kudai semina elekezi. Tatizo lake lilikuwa moja. Mafuta ni kaboni nyingi mno bila naitrojeni wala fosforasi ya maana. Ni sinia la ugali usio na kitoweo. Hata mlafi, baada ya matonge kadhaa, anakwama.

Basi wakamletea kitoweo. Waliyanyunyizia mawe mbolea, mbolea kweli, kama ya shamba la mahindi, ila nyingine ilikuwa imetengenezwa ing'ang'anie mafuta isisombwe na mawimbi. Katika majaribio ya mwanzo, haikupita mwezi mawe yaliyonyunyiziwa yakaanza kuonekana mabaka safi, jirani yake yakiwa bado meusi. Nadhani hakuna serikali duniani iliyowahi kumlisha bakteria kwa heshima namna ile.

Mpambe mwaminifu hutaja na aibu za bwana wake. Huyu hana haraka. Hakuna ndege aliyelowa mafuta aliyewahi kuokolewa naye. Akifika mwisho wa sahani, mazishi yamekwisha. Lami haigusi, huiacha kama mifupa. Na bila oksijeni hupunguza kazi hadi unaweza kuapa amelala.

Mwaka 2001, miaka 12 baada ya ajali, watafiti walirudi kwenye fukwe zile wakachimba maelfu ya mashimo. Juu, changarawe ilikuwa safi, ya kupigia picha. Chini kidogo, kwenye baadhi ya mashimo, maji yaliyojikusanya yalikuja na utando unaometa rangi rangi, na mafuta mengine yalikuwa bado mabichi, kana kwamba meli imepita juzi. Mawe yalikuwa yamebanana, mawimbi hayafiki, hewa haipenyi. Mgeni rasmi alikuwa humo humo, amekalia karamu, anangoja mtu afungue dirisha.