Matembele Yasiyopikika

Pakiti ya mbegu ilitoka Uingereza ndani ya sanduku la binamu yangu, imebanwa kati ya chokoleti zilizoyeyuka na soksi za sufu ambazo hakuna mtu Tanga aliyeziagiza. Mbele ina picha ya maua ya buluu yaliyotambaa juu ya mlango wa nyumba ya mawe. Nyuma kuna maelekezo, na la kwanza linasema: panda nje baada ya jalidi ya mwisho. Nilikuwa nasoma huku jasho likinitoka hadi kwenye viwiko. Anayengojea jalidi ya mwisho Tanga atazikwa na pakiti yake mkononi.

Huko yalikoandikwa maelekezo yana maana, maana baridi huua miche ya maua haya usiku mmoja tu. Ila asili ya aina hii, Ipomoea tricolor, ni Mexico na Amerika ya Kati, kwenye joto. Sharti hilo nikaliruka kwa dhamiri safi.

La pili halirukiki. Ganda la mbegu ni gumu na maji hayapenyi, kwa hiyo unalikwaruza kwa msasa, kisha unaloweka usiku kucha. Mbegu yenyewe ni nyeusi, ina pembe, ukubwa wake ni wa choroko, na kuisugua kunahitaji vidole viwili vyako na subira ya mtu mwingine. Ikiponyoka inaruka, na ikiruka haitui pale unapotazama. Nyingine ziko chini ya friji mpaka leo.

Zilizobaki niliziloweka kwenye glasi nikaiweka dirishani. Shangazi, ambaye tunaishi naye na ambaye huamka kabla ya adhana, ndiye aliyeikuta.

"Mwanangu," akaniita kwa sauti ya chini, mlango kaufunga kabisa, "nani kakwambia umerogwa?"

"Hizi ni mbegu za maua, Shangazi."

"Ndivyo wanavyosema wote."

Afadhali hakuionja. Mbegu hizi zina kemikali ya ukoo mmoja na LSD, na akizila mtu humletea kichefuchefu na maruweruwe. Shangazi, bila kemikali yoyote, anaona mambo ya kutosha.

Miche ilitoka haraka. Jogoo wa jirani akachakura nusu yake, nusu nikaizungushia chandarua kikuukuu, na hapo ndipo majani yakaanza kuonekana vizuri. Mapana, laini, yana umbo la moyo. Mama wa nyumba ya pili alipita, akasimama, akatabasamu.

"Baba, matembele yako yamestawi. Nitakuja na kisu jioni."

Sasa utamwambia nini? Matembele ni majani ya viazi vitamu, na viazi vitamu ni Ipomoea vilevile. Kwa majani mtu hawezi kulaumiwa akikosea. Nikamweleza kwamba haya hayaliwi, ni ya maua. Akanitazama kwa huruma anayotazamwa nayo mtu aliyenunua gari lisilo na injini. Ua lililo uwani kwa mtu bila kuliwa, kunukia wala kutibu chochote linatakiwa lijieleze, na mimi ndiye niliyekuwa msemaji wake.

Shangazi, kwa upande wake, hakusadiki hata neno moja. Alishaamua kwamba nawabania watu mboga, na kwa kuwa yeye si mchoyo, kila nikienda kazini alikuwa akimwaga samadi ya mbuzi kwenye mashina ili mboga itoshe mtaa mzima. Basi ikawa balaa. Maua ya aina hii yakishiba mbolea hukazana na majani, kuchanua yakasahau. Ukuta ukawa kijani kutoka chini hadi kwenye vigae, chipukizi hata moja la ua hakuna, na kadiri majani yalivyozidi ndivyo madai yangu ya maua yalivyozidi kuonekana uongo. Watu wakaanza kuja na vikapu.

Na mmea wenyewe haukuwa na adabu. Ncha yake huzunguka hewani taratibu ikitafuta cha kushika, na ikishika hairudishi. Shati la shule la kijana wangu lilisahaulika kambani Ijumaa. Jumatatu lilikuwa na kola ya pili, ya kijani. Fundi umeme mmoja mstaafu, aliyefunga nyaya maisha yake yote, alikerwa zaidi na mwelekeo: ukitazama kutoka juu, mmea hujizungusha kinyume cha mshale wa saa, mashina yote, bila hata moja kuasi. Akasema huo ni ufungaji mbovu. Akayafungua yale machanga, akayazungusha upande wa pili, akayabana kwa utepe wa nyaya. Ncha zikaendelea kukua kinyume chake kama kawaida. Aliporudi kukagua akataka kujua ni nani aliyeingilia kazi yake.

Charles Darwin aliotesha jamii ya maua haya kizazi baada ya kizazi akiyapima urefu, na katika kitabu chake cha 1876 anasimulia mmea mmoja uliomshangaza kwa kuwapita wenzake, akaupa jina la Hero. Wangu Shangazi aliuita Mkopo. Unakua tukiwa tumelala.

Nilipogundua habari ya samadi nikaisimamisha, na baada ya muda vikatokea vichomozi vya maua, vyekundu vya zambarau. Alfajiri moja vikafunguka, buluu ya anga tupu. Si kiini macho: utomvu ndani ya petali hupungua uasidi ua linapofunguka, na rangi hugeuka. Niliita nyumba nzima. Shangazi alitazama, akanyamaza, halafu akasema, "Kumbe kweli." Kwake yeye hiyo ni hotuba.

Tatizo ni kwamba ua likichanua alfajiri, kabla ya adhuhuri limeshajikunja, na halifunguki tena. Na sisi watu wa pwani hutembeleana baada ya alasiri. Kila aliyekuja alikuta vitu vidogo vya waridi vilivyosinyaa, na mimi kando yake nikiapa kwamba asubuhi vilikuwa vya buluu. Nikaonyesha picha za simu. Wakasema siku hizi intaneti ina picha za kila aina.

Sasa, Tokyo, mtaa wa Iriya, kila mwaka tarehe 6 hadi 8 Julai kuna soko la maua ya jamii hii, na watu huamka mapema kuyafuata. Nikasema kama Tokyo wanaweza, Tanga itashindwaje? Nikaalika mtaa, Jumapili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ila kwetu huwezi kumwita mtu saa hizo ukamwonyesha ukuta. Shangazi alikesha na unga wa mchele. Tukatoa vitumbua, mbaazi za nazi, mahamri, na birika mbili za chai ya tangawizi.

Walikuja wote, na wengine wawili tusiowajua. Mkeka ulitandikwa uwani, sufuria ya mbaazi ikawekwa upande wa jikoni, na wageni, kama walivyo wageni, wakakaa kuielekea sufuria. Ukuta mzima wa buluu ulikuwa nyuma ya migongo yao. Mama wa nyumba ya pili alimaliza kitumbua, akafuta vidole, akachukua kingine.

"Haya, baba," akasema, "na hayo maua mnayatoa saa ngapi?"