Jino Jipya la Kukhu

Kwa miaka 11 nimechukua vipimo vya meno kama mpishi: unga uliotokana na mwani, maji, bakuli la mpira, koroga upesi kabla haujaganda, jaza trei, bandika mdomoni, kisha mwombe Mungu mgonjwa asitapike. Viatu vyangu vinawakumbuka wote ambao maombi yao hayakufika.

Ndipo kliniki yetu hapa Kakamega ikapata skana ya mdomoni. Mkufunzi alitoka Nairobi kwa basi la usiku, akatufunza asubuhi moja, akaondoka. "Ni kama kupiga mswaki tu, daktari." Tulifanyia mazoezi meno ya plasta, nami nikang'ara: punde si punde taya zima limo kwenye kompyuta. Nikajiona fundi. Nilisahau kuwa plasta haina ulimi.

Kesho yake akaja kukhu mmoja, ndivyo tunavyowaita nyanya zetu huku, gego limevunjwa na muwa. Alitoka Ilesi, penye lile jiwe linalolia kando ya barabara ya Kisumu, na siku hiyo niliamini jiwe na mate ya kukhu vina chemchemi moja. Nakausha, yanajaa. Kile kijiti cha skana, kinene kama gunzi la mahindi, nacho kikapata ukungu kiooni kwa kuwa sikungoja kipashe moto.

Mashine hii hupiga picha mfululizo na kuziunga, kila moja ikishikilia iliyotangulia. Kwa hiyo unaanza juu, panapotafuna, penye mabonde na vilima, ndipo uzunguke upande wa ulimi, kisha wa shavu. Pole pole. Mimi niliruka kama panzi, picha ikakatika. Ikikatika unarudi kwenye gego ulilokwisha kulipiga, unatulia hapo hadi ikukumbuke. Nilirudi mara nyingi mno.

"Mwanangu," kukhu akauliza nilipompumzisha, "hiyo simu yako haishiki netiweki?"

Wavumbuzi Mörmann na Brandestini walipomtibu mgonjwa wao wa kwanza kwa mtambo wa aina hii kule Zurich, mwaka wa 1985, iliwabidi walinyunyizie jino unga mweupe kwanza. Angalau unga haujibu. Ulimi wa kukhu ulikuja kila mara kuona kinachoendelea, mwishowe nikauzuia kwa kidole.

Baada ya dakika 20 nikamgeuzia kioo cha kompyuta, jasho likinitoka. Akavaa miwani. Nyuma kabisa, kwenye pengo, kitu cha samawati kilisimama wima.

"Hapo sina jino tangu nimzae kitinda mimba."

Nikakiri kwa aibu kuwa ile ilikuwa ncha ya kidole changu, na glavu yake. Nikashika kipanya nikifute. Kukhu akanidaka mkono.

"Liache. Nitengenezee kama hilo, ila jeupe."