Ombi la Kulitangaza Tuta la Mkondoa Kuwa Kiwanja cha Ndege

Kwa Waheshimiwa wa Wizara ya Uchukuzi, na kwa Waheshimiwa wa Ofisi ya Makamu wa Rais wenye amana ya mazingira.

Nawaandikieni waraka mmoja nyote pamoja, si kwa ubahili wa karatasi, bali kwa kuwa nimewatazama kwa muda nikabaini kwamba nyaraka zenu wenyewe hazijajaaliwa kukutana. Ninyi wa mazingira, kwa kuutimiza Mkataba wa Paris ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2018, mliiahidi dunia mwaka 2021 kwamba ifikapo mwaka 2030 tutakuwa tumepunguza hewa ya ukaa kwa asilimia 30 hadi 35 ya kiasi ambacho tungekifikia kama tungekaa bure. Ninyi wa uchukuzi, mliokwisha kufungua Agosti 2019 jengo la tatu la abiria pale Dar es Salaam, lenye nafasi ya watu milioni 6 kwa mwaka, hamkuchelewa kuweka jiwe la msingi la kiwanja cha ndege cha Msalato, kule Dodoma, mwaka 2022, wala hamkuisahau mikoa mingine. Sisi watu wa Kilosa hatuna ugomvi na ahadi, wala hatuna husuda na majengo. Haja yetu ni moja na haina gharama ya kutisha: tunaomba tuta la Mto Mkondoa litangazwe rasmi kuwa kiwanja cha ndege.

Nijalieni fursa ya kueleza. Tuta hili tumelirithi kutoka zama za ukoloni, na kazi yake ni kuuzuia mto usiingie mjini bila hodi. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 mto ulilipasua, ukaingia, ukakaa. Maelfu ya watu wakahamia katika mahema, na reli ya kati, iliyotandikwa na Wajerumani kwa jasho la babu zetu, ikang'olewa kati ya Kilosa na Gulwe hata garimoshi likakosa njia kwa miezi. Tangu siku zile tuta limezibwa hapa likafumuka pale, na kila tulipouliza tumejibiwa, tena kwa insafu, kwamba wananchi wenyewe wamelima juu yake na ng'ombe wamelikanyaga mpaka likalegea. Sikatai. Sikatai pia kwamba miteremko ya Rubeho na Ukaguru imefyekwa, na kwamba mchanga unaoujaza mkondo wa mto hautoki mbinguni. Lakini nauliza kwa unyenyekevu: ni nani miongoni mwenu aliyewahi kuona mahindi yamebeba katikati ya njia ya kurukia ndege? Kiwanja cha ndege huzungushiwa uzio. Huwekewa mlinzi, taa na mtu wa kupima mvua. Mbuzi akiingia, simu hupigwa. Kiwanja kikipata ufa, ufa ule huwa habari ya taifa kabla ya magharibi. Tuta likipata ufa, huwa habari ya mwenyekiti wa kitongoji, naye hana salio.

Kwa umbo halihitaji kubadilishwa sana, kwani ni refu, limeinuka kuliko mashamba, na juu yake ni tambarare ya kutosha. Itabaki kuandika tarakimu mbili kwa chokaa kila mwisho, na kutundika ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakoelekea.

Mtasema kwamba kiwanja tunacho jirani, huko Kikoboga, ndani ya Hifadhi ya Mikumi. Tunakijua na tunajivunia. Hifadhi yetu ilianzishwa mwaka 1964, na kiwanja kile kiliingizwa katika ule mradi mkubwa wa utalii wa kusini ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 150 mwaka 2017, kisha ikazuia fedha zake Aprili 2024 na kuufuta Novemba ya mwaka uleule, baada ya malalamiko ya watu wa kandokando ya Hifadhi ya Ruaha. Walakini sisi wa Kilosa hatuzuru Kikoboga kwa ndege. Sisi huenda Mikumi kwa ile barabara ipitayo Ulaya (nasema Ulaya yetu ya njiani, yenye mihogo, si ile ya watalii), na tukifika barabara kuu ikatizayo hifadhi husoma bango la faini: ukigonga tembo utalipa kadha, ukigonga twiga kadha, hata nyani ana bei yake. Nimelisoma nikatafuta mahali palipoandikwa faini ya kuzamisha heka ya mpunga. Nadhani nafasi ilikuwa haitoshi.

Hapa ndipo ninapowageukia ninyi wa mazingira, kwa kuwa hesabu zenu zimenishangaza kuliko zote. Katika baadhi ya vijiji vya wilaya hii vilivyoingia katika mpango wa mkaa endelevu, msitu wa kijiji umegawanywa vipande vipande, na kipande kikishavunwa huachwa miaka 24 kabla shoka halijarejea. Mchoma mkaa akiwa kijana alipoukata mti, ataurudia akiwa na wajukuu. Juu ya subira hiyo yote, mti wake na moshi wa tanuri lake huingia katika hesabu ya taifa. Lakini ndege ikiruka kutoka Doha na mtalii mwenye shauku ya kuwaona twiga wa uwanda wa Mkata, moshi wake hauingii katika jumla ya nchi ilikotoka wala ya nchi inakotua, kwani safari zivukazo mipaka ziliwekwa kando na kukabidhiwa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Basi ikiwa moshi ulio angani hauna mwenyewe, na moshi ulio chini una jina, kijiji na balozi wa nyumba kumi, mnatushaurije? Tuchomee mkaa wetu juu ya mawingu?

Huko London jambo hili wamelipeleka mbele ya makadhi. Februari 2020 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba serikali ilipoidhinisha njia ya tatu ya ndege pale Heathrow haikuuzingatia Mkataba wa Paris. Desemba ya mwaka uleule Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo. Na Januari 2025 serikali nyingine, ya chama kingine, ikasimama ikaitaka njia ileile. Kwetu kesi za viwanja vya ndege aghalabu huwa za fidia, na watu wa Kipunguni, jirani na kiwanja cha Dar es Salaam, waliofanyiwa tathmini mwaka 1997 wanaweza kuwasimulia namna ya kungoja zaidi ya miaka ishirini. Kwa sababu hiyo nawahakikishia kuwa ombi letu halina madai ya fidia. Ardhi ya tuta ni ya serikali tayari, na mahindi yaliyo juu yake tutayavuna wenyewe kwa hiari.

Wala si kweli kwamba wilaya hii haijui vyombo vya anga. Januari 2014, maji yalipolivunja daraja la Magole na kuikata barabara ya Dodoma, helikopta zilitumwa kuwaokoa watu waliozingirwa Dumila na Magole. Hazikudai lami wala jengo la abiria. Abiria wenyewe walipanda bila tiketi na bila mizigo, kwa kuwa mizigo ilikuwa imetangulia kwenda Wami.

Mkiliridhia ombi hili, tafadhali mtume mhandisi kabla ya mvua za Desemba. Nashauri aje kwa treni ya umeme, ambayo tangu mwaka 2024 yafika Dodoma kwa kupitia stesheni yetu, na ambayo kwa kiasi fulani inakinyang'anya kiwanja cha Msalato abiria mliowakusudia. Hilo nawaachieni mlijadili ninyi kwa ninyi, mkikutana. Akifika aulize njia ya mtoni. Atakuta tumemtengea jembe na futi kamba, na tutamwonyesha sehemu tatu za kuanzia, kwa mpangilio wa ubovu wake.

Wenu mtiifu,
Mkaazi wa kando ya Mkondoa, Kilosa