Shangazi Mizigo: Hewa ya Muscat Hailipiwi

*Shangazi, nilimsindikiza mama kumwona dada yangu Muscat, tukakaa wiki mbili. Siku ya mwisho, katika soko la Muttrah, nikakutana na mandusi la njumu za shaba. Nimeshalilipia. Lina urefu wa sentimita 120, upana 60 na kimo 60. Mtu wa kargo ya ndege anataka nilipie kilo 72, na mizani yake mwenyewe imesoma kilo 45! Naibiwa?*
*– Mwenye Sanduku, Mbaga*

Mwanangu, kwanza nikuulize: Unguja hukupaona? Mafundi wa kule wanagonga njumu hizohizo. Lakini maji yameshamwagika.

Huibiwi, unauziwa hewa. Zidisha vipimo vyako vitatu, gawanya kwa 6,000, utaipata hiyo 72. Ndege hupima uzito na nafasi, ikakutoza kilichozidi. Kwa hiyo kilo 27 ni za hewa iliyomo sandukuni. Mpare mwenzetu aliyelipia hewa asije akasimulia msibani.

Mpe meli. Baharini mzigo mwepesi hutozwa kwa mita za ujazo, na sanduku lako ni 0.43 tu, halifiki nusu. Kontena la futi 20 humeza kama mita 33, ndiyo maana watu hulichangia. Ni makande hayo: mahindi na maharage hayana ukoo mmoja, ila sufuria ni moja na kuni ni zilezile. Uliza kiwango cha chini, kwa maana wapo wanaotoza mita nzima hata ukileta nusu. Ukimkuta wa hivyo, tafuta mwenzako mwenye masufuria mpeleke mzigo mmoja kwa jina moja.

Kisha lijaze. Mashuka, vyombo, nguo za mama: vyote vinaingia bila kuongeza hata sentimita. Ila orodhesha kila kitu na utunze risiti. Na kabla hujatoa pesa, uliza: “Bei hii inaishia wapi?” Nyingi zinazovutia huishia bandarini. Wakala wa forodha, ushuru na ghala vinakusubiri getini.

*Shangazi, mjomba ananishauri nikifika Dar na sanduku langu niseme nilikuwa naishi Oman, ati anayerudi nyumbani halipi ushuru. Nilikaa siku kumi na nne.*
*– Mjanja Kidogo, Hedaru*

Mjomba kasikia kengele, hajui inalia kanisa gani. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamsamehe kweli anayehamisha makazi, kwa vyombo alivyokuwa akivitumia kule alikotoka. Dada wa watu aliyefanya kazi Muscat miaka sita, huyo ndiye. Wewe ulikwenda kutembea, na mihuri ya pasipoti haina undugu na mjomba.

Piga hesabu kama mtu mzima. Mzigo wa meli hutozwa ushuru juu ya bei, bima na nauli ya meli vikijumlishwa. Mwaka 2022 Jumuiya iliweka samani kwenye ngazi ya asilimia 35. Juu yake kuna VAT ya asilimia 18. Basi kila shilingi 100 inazaa 59 na ushei, kabla ya tozo ndogondogo. Umeona sasa kwa nini nauli nafuu inakuokoa mara mbili?

*Shangazi, sanduku langu la ng’ambo limefika Same salama. Mwenye pikapu ananitajia bei ya kulipandisha Mamba Myamba, nikadhani ananiuzia pikapu.*
*– Nimechoka, Same stendi*

Usimlaumu. Anajua atashuka mtupu, kwa hiyo amekuuzia safari mbili. Hewa tena, mwanangu!

Wewe tafuta gari ambalo lingepanda tupu hata bila wewe. Fuso zinazokwenda kubeba tangawizi huko Mamba hazipandi zimejaa. Ongea na dereva jana yake, maana asubuhi ya safari bei huota mbawa. Lifunge sanduku kwa blanketi na turubai. Kama ni masika na barabara imegeuka sabuni, liache kwa ndugu mjini wiki mbili. Limevuka bahari, halitakufa kwa kusubiri.

*Shangazi, njumu mbili za sanduku langu zimeng’oka njiani. Nimshtaki wakala?*
*– Haki Yangu, Makanya*

Una picha ulizopiga kabla ya kufunga? Ulikata bima? Kimya hicho nimekisikia mpaka huku. Watani zetu Wachaga husema Mpare huuza ng’ombe ashinde kesi ya kuku. Usiwape ushahidi. Mpelekee fundi njumu zako mbili, na ng’ombe abaki zizini.

Narudi kwako, Mwenye Sanduku. Umeona katika barua za wenzako: mwenye pikapu, mwenye fuso, mwenye kontena, wote wanachuuza nafasi, na nafuu yako imo katika ile inayokuja upande wako tayari. Sasa, ukishapanga mashuka na nguo za mama, pale pembeni patabaki upenyo wa kopo moja. Halua ya Muscat, mwanangu, ya zafarani. Mimi nauli silipi: hiyo nafasi ilikuwa inakuja tu.