Lingalikarabatiwa na Nani? Mwongozo wa Kauli ya Kutendwa Yenye Sharti katika Kiingereza

Kuna sentensi ya Kiingereza inayopendwa sana na waandishi wa barua za ofisini: ile inayofunga sharti na kauli ya kutendwa pamoja. Fuata hatua hizi nne, utaiweza, nayo haitakuponyoka.

1. Chagua sharti lako. Linalowezekana: "If the bridge is repaired, the goods will be delivered", daraja likikarabatiwa, mizigo itafikishwa. La kuwazia tu: "If the bridge were repaired, the goods would be delivered", lingekarabatiwa, ingefikishwa. Lililokwisha kupita: "If the bridge had been repaired, the goods would have been delivered"; lingalikarabatiwa, ingalifikishwa. Mwenye -ki-, -nge- na -ngali- mdomoni yuko nusu ya safari.

2. Linda visaidizi. Ukidondosha "been" ukaandika "the goods would have delivered", mizigo imeshika usukani na kujifikisha yenyewe. Nayo "would" iache upande wa matokeo. Kwenye "if" ya sentensi kama hizi, haina kazi.

3. Uliza: na nani? Kauli hii inaruhusu mtenda asitajwe, na mara nyingine ni sawa kabisa. "If your car is stolen" ni sentensi safi, kwa kuwa mwizi bado hajulikani. Lakini soma hii: "The bridge would have been repaired if the funds had been released." Sarufi haina doa, ila watu wawili wametoweka: wa kukarabati na wa kutoa fedha. Wa pili anajulikana, tena ana ofisi. Mwandike. Mwaka 1987 Rais Ronald Reagan, akilieleza Bunge la Marekani habari za silaha zilizouzwa Iran, alisema makosa makubwa yalifanyika. Sentensi hiyo haikusema na nani. George Orwell alikuwa ameshaonya katika insha yake ya 1946: palipo na nafasi ya kutenda, usitumie kutendwa.

4. Usiombe radhi kwa sentensi hii. "If anyone was offended, it is regretted." Hapo "if" inatilia shaka kidonda, "was offended" inamficha aliyejeruhi, na "it is regretted" haina hata mtu mmoja anayejuta. Aliyeumizwa anabaki na barua isiyo na mwenyewe. Andika: "I insulted you. I am sorry."

Sarufi haina hatia. Kutendwa ni haki ya sentensi pale mtenda hajulikani au hana uzito katika habari. Akijulikana, na watu wakawa wanaubeba mzigo wa alichokifanya, jina lake liwe mwanzoni mwa sentensi. Akiwa ni wewe, anza na "I".