Daftari Lenye Msomaji Mmoja

Paukwa? Pakawa. Wanyama wa kijiji kimoja waliweka akiba yao yote, nafaka na nyama kavu, katika ghala moja lenye lango moja. Aliyetaka kuingia alitaja jina lake, kisha akanong'ona neno lake la siri kwenye tundu la jiwe la kusagia. Jiwe lilisaga neno likawa unga. Mlinzi naye aliulinganisha unga huo na ule uliotunzwa kwenye kibuyu cha mnyama huyo tangu siku alipoandikishwa. Ukilingana, lango lilifunguliwa. Neno lenyewe halikuhifadhiwa popote, na unga haurudi kuwa punje.

Mlinzi wa kwanza alikuwa Mzee Kobe, bingwa wa maneno machache. Mnyama akikataliwa, Kobe aliandika daftarini: "Imeshindikana." Hakutaja nani, saa ngapi wala kwa nini. Usiku mmoja jiwe likapasuka. Kulipokucha kila aliyefika langoni alikataliwa, hata Mheshimiwa Simba, mwenyekiti wa kijiji, na Kobe akajaza ukurasa mzima: imeshindikana, imeshindikana, imeshindikana. Kamati ya Usalama ikahitimisha kwamba kijiji kizima kimesahau maneno ya siri. Ikaandaa semina ya siku tatu ya kuimarisha kumbukumbu, kwa chai, vitafunwa na posho. Ni Panya, aliyekuwa akiokota makombo chini ya lango, ndiye aliyekuja kusema, "Waheshimiwa, mbona jiwe limepasuka?"

Kobe akastaafishwa, na agizo likatoka: mlinzi mpya aandike kila kitu. Kazi akapewa Kasuku. Kasuku aliandika salamu, akaandika mawingu, akaandika kwamba Twiga amepiga chafya, na vyote kwa wino mwekundu chini ya neno HATARI. Nyuki akitua langoni, HATARI. Sungura akikosea neno mara moja, HATARI. Maneno ya siri nayo aliyanukuu kabla hayajaingia kwenye jiwe, "kwa ajili ya kumbukumbu." Kamati ilifurahi mno. Kila mgeni aliyefika kijijini alionyeshwa unene wa daftari.

Aliyeshtuka ni Korongo, ambaye kila mwaka huja kutoka Ulaya kukimbia baridi. "Jamani, hata wakubwa limewakuta hili," alisema. "Mei 2018, ndege wa buluu wa Twitter, kule San Francisco, aliwashauri watumiaji wake zaidi ya milioni 300 wabadilishe maneno ya siri. Jiwe lake lilikuwa zima kabisa. Kumbe kompyuta zake zilikuwa na daftari la ndani, nalo lilikuwa likiyaandika maneno kabla hayajasagwa."

Kamati ikapitisha azimio siku hiyohiyo: jina liandikwe, neno lisiandikwe. Kasuku akatii bila kupunguza hata nukta.

Jioni moja Punda alirudi kutoka gulioni akiwa hoi. "Jina?" aliuliza Kasuku. Punda, ambaye akili yake ilishatangulia kwenye mahindi, akajibu, "Mihogomibichi." Kasuku akapekua vibuyu, asilione, akaandika: "HATARI. Jina halijulikani: Mihogomibichi." Punda akacheka. "Samahani, ndugu yangu, nimeanza na la mwisho." Akataja jina, akanong'ona neno, akaingia. Kasuku akaongeza mstari wa pili: "Punda ameingia."

Hakuna mjumbe wa Kamati aliyeiona mistari hiyo, kwani ilikuwa imezama katikati ya nyuki na chafya. Daftari lenyewe lilining'inizwa nje ya lango ili wananchi wajionee uwazi wa uongozi wao. Lilikuwa na msomaji mmoja tu, aliyekuja kila usiku na kulipitia mstari kwa mstari. Msomaji huyo ni Fisi.

Siku ya pili yake ghala lilikutwa jeupe. Daftari likasema: "Punda ameingia, saa nane usiku." Lango hujua jina na neno tu, halitofautishi kwato na makucha, na Kasuku gizani haoni. Punda akafungwa kamba.

Nguchiro akaomba kumtetea. "Mheshimiwa Mwenyekiti, someni mistari miwili ya jioni. Mwenye haraka hutaja neno mahali pa kutaja jina, wala Punda si wa kwanza. Jina lisilo na kibuyu lisinukuliwe. Iandikwe tu kwamba halimo, saa ngapi, na mgeni ametokea njia ipi."

"Yaani turudi kwa Kobe?" aliuliza Simba.

"Hasha, mheshimiwa. Jiwe likipasuka, mlinzi aandike kwamba jiwe limepasuka na apige ngoma, maana hilo ni kosa la lango. Mwenye kibuyu akikosea mara moja, mstari mmoja mweusi unatosha. Akikosea mara kumi kwa dakika moja, hapo wino mwekundu una kazi. Na kila anayekataliwa apewe jibu lilelile, 'jina au neno si sahihi,' asije akabahatisha majina hadi ajue vibuyu vya nani vimo. Sababu kamili ibaki daftarini, na daftari likae ndani."

Tausi akauliza daftari jembamba hivyo wageni wataonyeshwa nini. Mwingine akataka kujua kama kutakuwa na semina. Hata hivyo azimio likapita, na Punda akaachiwa kwa dhamana, kwa kuwa maandishi bado yalisema ni yeye.

Likabaki jambo moja ambalo Nguchiro alilishikilia: awepo wa kulisoma daftari kila asubuhi. Wajumbe wakaanza kutazama kucha zao. Ndipo Fisi, ambaye siku hizo alikuwa amenawiri, akasimama na kuwasilisha barua ya kuomba kazi hiyo. Kwenye sifa za mwombaji aliandika kwamba ndiye mwanakijiji pekee mwenye uzoefu wa kulisoma lote. Kamati imesema ombi lake lina uzito na litajadiliwa.