Mbege Haikungoja Jumamosi

Dumu lilipasuka stoo alfajiri ya Ijumaa, na mume wangu akatoka chumbani na panga mkononi akidhani tumevamiwa. Hakukuta mwizi. Alikuta sakafu imejaa povu la kahawia, dumu la lita 20 limechanika ubavuni, na gauni jeupe la kipaimara la binti yetu, lililokuwa limetundikwa nyuma ya mlango, likidondosha mbege, pombe ya ndizi, kuanzia mkono wa kushoto hadi pindoni. Kipaimara kilikuwa kesho yake.

Mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka Kibosho, Moshi, na magome ya msesewe yamefungwa ndani ya kanga. Hakutaka kusikia kwamba mjukuu wake atafanyiwa sherehe kwa bia za kreti peke yake. Kwao, jambo halijawa jambo mpaka kata imezunguka. Posa huzungumzwa mbele ya mbege, na ugomvi wa mpaka wa kihamba, shamba la nyumbani, humalizwa mbele ya mbege. Hata mtu aliyekosewa, akishapelekewa jani la isale na kukubali kusamehe, hukaa na mkosaji wake wakanywa pamoja. Kwa hiyo tulikwenda Mabibo kununua ndizi mbivu, tukaazima pipa, na ua wetu wa Kimara ukawekewa mafiga.

Mimi nimezaliwa Tanga, na sikuwahi kuona kazi hii ikifanywa mwanzo hadi mwisho. Ndizi humenywa, huchemshwa kwa saa nyingi mpaka zigeuke rangi ya udongo mwekundu, kisha huachwa kwenye pipa zipate kuchacha kwa siku kadhaa. Ulezi nao huwa umekwisha kuloweshwa, ukaoteshwa, ukaanikwa na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Kimea hupikwa uji, uji hutiwa msesewe upate uchungu wake, ukipoa huchanganywa na maji ya ndizi yaliyochujwa. Baada ya hapo ni kungoja usiku mmoja tu. Mama alifanya yote hayo bila saa wala kipimo. Aliinama juu ya pipa, akasikiliza.

Ila masikio yake yalizoea baridi ya mlimani. Kibosho usiku watu huvaa sweta, na chachu hufanya kazi taratibu. Kimara hata saa nane za usiku ukuta wa jiko bado una vuguvugu. Ilipofika Alhamisi pipa lilikuwa linatokota kama sufuria ya maharage, na mama akalazimika kuchanganya uji jioni ile ile, siku nzima kabla ya wakati aliopanga.

Hapo ndipo shemeji alipoingia. Shemeji ni mdogo wa mume wangu, mtu mkarimu kupita kiasi, na alitaka kuwapelekea wenzake wa kazini. Akachota, akajaza dumu, akakaza mfuniko kwa nguvu zake zote ili isimwagike ndani ya bajaji asubuhi. Chachu ikila sukari haitoi kileo peke yake, hutoa na hewa, na kilo moja ya sukari ikichacha yote hutoa zaidi ya lita 240 za hewa hiyo. Dumu lililojazwa mpaka shingoni lingeiweka wapi? Ndiyo maana pipa la mbege hufunikwa kwa majani ya mgomba, ipate kupumua.

Binti yetu alilia mpaka sauti ikamkauka. Mama mkwe alimkumbatia kwanza, kisha akaenda moja kwa moja kwenye pipa, akachota kidogo kwa kata na kuonja. Mpishi wa mbege ndiye huonja wa kwanza, watu wajue ni salama.

"Imeiva," akasema. "Mchana itakuwa tamu kabisa. Kesho itakuwa siki."

"Mama, wajomba wanafika kesho," mume wangu akamwambia.

"Wajomba wako mbali, baba. Majirani wako hapa. Nenda kawaite."

Tulitazamana. Tumeishi mtaa huu miaka mingi, na wengi wa majirani tunawajua kwa rangi za mageti yao na milio ya honi. Kuna geti jeusi, geti la bluu, na nyumba ya ghorofa isiyokwisha. Tungeanzia wapi? Mama hakungoja tujibu. Alijifunga kanga, akatoka mwenyewe, akagonga geti baada ya geti akisema nyumbani kwa mwanawe kuna kinywaji ambacho hakiwezi kulala.

Na watu walikuja. Ninaeleza hili kwa sababu ndilo lililonishangaza kuliko dumu. Walikuja baada ya sala ya Ijumaa na baada ya kazi, wengine na viti vyao vya plastiki. Majirani zetu Waislamu tuliwachemshia kahawa na tangawizi, wakakaa pamoja na wengine. Watoto walipewa soda. Mama alishika kata, akaanza na mzee kuliko wote, na kijana mmoja alipoanza kuyumba akamnyima hadharani, akampa maji.

Ua ulipojaa mazungumzo, shemeji, aliyewahi kusoma Canterbury, Uingereza, akawaeleza watu kuhusu kijiji cha Herne kilicho jirani na mji huo. Huko mwaka 2005 mtu anayeitwa Martyn Hillier alifungua baa ndogo ndani ya chumba kilichokuwa bucha. Haikuwa na muziki wala mashine za kamari, ilikuwa bia ya pipa na mazungumzo, na baada yake watu wakafungua vijibaa vya aina hiyo sehemu nyingi za Uingereza. Bia yenyewe ni hai; pipa likishatobolewa, siku tatu hivi ladha imeondoka. Mzee wa geti la bluu akasema basi Waingereza nao wamejua. Nami nadhani siri ya mvuto wa vijibaa hivyo iko hapo. Bia ya kiwandani huchujwa na kupashwa moto chachu ife, ikakaa kwenye friji miezi bila kumhitaji mtu yeyote. Kinywaji kilicho hai kina siku yake, na siku hiyo lazima uite watu. Wanawake wa Kibosho hupika kwa zamu kwa sababu hiyo, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na kijiji hujua kitakutana wapi.

Mama wa geti jeusi ndiye aliyeuliza mtoto analia nini chumbani. Tukamwonyesha gauni. Kumbe ni fundi cherehani, miaka yote hiyo hatua chache kutoka kwetu! Alisema doa la ndizi halitoki kwa usiku mmoja, akakata mikono yote na pindo, akaenda kwake kuchukua satini nyeupe iliyobaki kwenye kazi ya harusi. Saa nne usiku gauni lilikuwa limepigwa pasi, na mikono mifupi ilimpendeza binti yangu kuliko ile ya kwanza.

Wajomba walifika Jumamosi wakakuta pipa tupu. Walinung'unika, na walikuwa na haki; tuliwapa bia za kreti na pole. Mama mkwe hakuomba radhi hata kidogo. Jumapili, alipotakiwa kupanda basi la Moshi, tulimkuta ua wa nyuma akimenya ndizi na mama wa geti jeusi. Tiketi alikuwa amesogeza mbele mpaka wiki inayofuata, na safari hii pipa lilikuwa geti la bluu.